Mama Mkwe Kwenye Mlango wa Helikopta

Kwanza niwatoe wasiwasi: mimi sikuwahi kuendesha helikopta. Najua kuna mama mmoja hapa Birongo anayewaambia watoto wake kwamba nilikuwa rubani, na kwa miaka mingi sijamsahihisha, maana kila akisema hivyo ananiongezea chai. Nilikuwa fundi. Nilifunga boliti, nikapaka grisi, nikapangusa mafuta, na ndege ilipoondoka nilitakiwa nipande nayo nikakae mlangoni kama kondakta. Jeshi lina maneno makubwa zaidi kwa kazi hiyo. Lakini nyinyi vijana mkitaka kuielewa upesi, fikirieni kondakta ambaye akisahau kukaza nati moja, gari zima linaanguka naye yumo ndani.

Jambo la pili ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu nistaafu sivuki Keumbu ila kwa sababu nzito, kama mazishi au jino. Nina migomba yangu, nina majani chai yangu ya kuchuma, nina kiti ambacho kimeshajua umbo langu. Kerubo, mke wangu, husema Serikali ilimchukua mwanamume asiyependa hata kwenda sokoni ikamning'iniza angani, na bado watu wanashangaa kwa nini nchi haiendelei.

Sasa mtauliza niliingiaje. Niliingia kwa uvivu. Nilipomaliza kidato cha nne kule Nyamira nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu na mashine yake ya kusaga posho, ile inayokohoa asubuhi mpaka kijiji kizima kinaamka. Siku ya kuandikishwa, baada ya kukimbizwa na kukaguliwa meno, afisa akauliza nani kati yetu amewahi kufungua injini. Nikainua mkono. Hesabu yangu ilikuwa fupi: askari wengine watatembea porini na mizigo mgongoni, lakini fundi hukaa gereji. Nilijiona tayari juu ya kistuli, kivulini, redio ndogo pembeni, nikifungua na kufunga vitu mpaka uzee unikute hapo hapo.

Aliyenitoa katika ndoto hiyo ni Sajenti Wafula, Mbukusu mmoja mnene, mwenye sauti ya chini sana. Hakuwahi kupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyotutisha. Siku ya kwanza niliyomaliza kazi kubwa peke yangu, alikuja akazunguka ndege, mikono nyuma.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande."

"Umefunga kila kitu?"

"Kila kitu, afande."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, afande."

"Vizuri. Chukua helmeti."

"Helmeti ya nini, afande?"

"Unaenda kuijaribu hewani."

"Afande, mimi ni fundi. Si kuna rubani?"

"Rubani hajui ulichofunga. Wewe unajua."

Nikatazama ile ndege. Ghafla ikawa kubwa, na boliti zake zikawa nyingi kuliko za asubuhi. Nikasema, "Afande, naomba nirudi kidogo nikague tena."

Wafula akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Hilo ndilo nililokuwa nangoja," akasema. "Nenda kague. Kila mtu hukagua vizuri zaidi akishajua anapanda."

Ndivyo ilivyokuwa desturi kwetu: aliyetengeneza ndiye anayepanda kwenye safari ya kujaribu. Sijui kama ilikuwa imeandikwa mahali. Najua tu kwamba hakuna fundi aliyewahi kuniambia "hiyo itashika tu" halafu akavaa helmeti na kutabasamu.

Wafula ndiye aliyenifundisha waya. Boliti ya helikopta haiaminiwi hata kidogo, kwa sababu kitu kizima kinatetemeka kama mtu mwenye malaria. Unaikaza, halafu unaipitishia waya mwembamba, unausokota, unaufunga kwenye boliti jirani. Waya huo lazima uvute upande wa kukaza. Boliti ikitaka kulegea, inamvuta mwenzake azidi kukaza, naye anaikatalia. Ukiusokota upande usiofaa, umefunga urembo. Mimi niliusokota vibaya mara nyingi mno.  Wafula alikuja na koleo, akakata kazi yangu yote, ka, ka, ka, akaondoka akipiga mluzi. Mlio wa koleo hiyo bado huniamsha nikilala mchana.

Kingine ni kusikiliza. Siku hizi nasikia fundi anachomeka kompyuta, inamwambia rota, yale mapanga ya juu, inatetemeka kiasi gani na aweke uzito wapi. Ni vizuri. Sisi tuliweka kiganja ukutani na tukasikiliza kwa meno. Msicheke. Rota kubwa ikiwa na kasoro, meno ya nyuma huanza kuwasha kabla mita haijasema kitu. Kijana mmoja kambini aliniuliza kama napendelea ya zamani au ya sasa. Nikamwambia nachagua kompyuta, maana inaweza kununuliwa nyingine, na meno yangu ya nyuma hayapo tena.

Na ndoano. Hiyo ndiyo iliyonifundisha adabu. Mapanga ya helikopta yakisugua hewa, ndege nzima inajaa umeme, na umeme huo unashuka na waya wa winchi, ile mashine ya kuinulia watu, hadi kwenye ndoano. Kwa hiyo unaiacha ndoano iguse chini au maji kwanza, ndipo unaishika. Nilielezwa. Nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Halafu ndoano ilipofika usawa wa kifua changu nikaidaka kama mtu anayepokea mgeni. Nilijikuta nimekaa chini kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele, kofia upande. Wafula akaja akaniinamia. "Sasa wewe umeijua," akasema. "Wenzako wameisoma tu."

Haya, sasa kazi ya mlangoni, kwa sababu bila kuielewa hamtaelewa balaa lililonikuta.

Ndege ikisimama hewani juu ya mtu, rubani hamwoni huyo mtu. Yuko chini ya tumbo la ndege. Anayemwona ni wewe fundi, umepiga magoti mlangoni, umefungwa mkanda usianguke. Mkono wa kulia una kidude cha kuendeshea winchi, kimefungwa kwa kamba yake. Mkono wa kushoto umevaa glavu, unaongoza waya. Mdomo unamwambia rubani: mbele kidogo, kulia kidogo, simama hapo hapo. Mwenzako anashuka na waya, anamvalisha aliye chini mkanda wa kuokolea chini ya kwapa, wanapanda pamoja. Wakifika mlangoni, yule uliyemwokoa anakunyooshea mkono. Usiushike! Ukimvuta mkono, kwapa linafunguka, na mtu anateleza kutoka kwenye mkanda kama ndizi kwenye ganda. Unamgeuza akupe mgongo, unapitisha mikono yako mbele yake, unamkumbatia, mnaingia ndani kwa kurudi nyuma. Nimewakumbatia watu wengi namna hiyo: wavuvi, wachungaji, padri mmoja, mwizi mmoja wa ng'ombe. Sikuwahi kufikiri kwamba kukumbatia ni tatizo.

Mwaka mmoja, bado nikiwa kazini, mvua ilinyesha mpaka chai ikaacha kukauka viwandani. Tulitumwa huku kwetu kuwatoa watu waliozingirwa na maji. Nilifurahi, si kwa ushujaa. Nilifikiri labda usiku nitalala kwangu.

Rubani wetu alikuwa Meja Zuhura. Huyu ni mtoto wa Kisii mjini, baba yake aliuza magodoro na vitambaa karibu na msikiti, na Kikisii chake kinanishinda mimi. Aliyeshuka na waya alikuwa Koplo Mutua, Mkamba, hodari, asiyejua Kikisii hata cha kuombea maji. Mwenzetu mwingine, rubani msaidizi, alikuwa kijana wa mbali aliyetumia safari nzima akiuliza kama vile vilima vyote ni chai.

Tulifika kwenye bonde la chini ya Nyamache. Mto Gucha ulikuwa umeacha njia yake na kuchukua mashamba. Katikati ya maji hayo ya rangi ya matofali kulikuwa na kiinuko kidogo chenye migomba, na juu ya kiinuko watu wawili na ng'ombe mmoja. Tuliposhuka karibu nikaanza kumtambua mmoja. Shati jekundu, tumbo mbele, anapunga mikono kama mwenyekiti wa mkutano. Alikuwa Nyambane, shemeji yangu, ndugu ya Kerubo.

Hapo ndipo nikafanya upumbavu. Nikainua kioo cha helmeti na kumpungia mkono.

Nyambane akanitambua. Nilimwona akiruka ruka, kisha akamgeukia yule mwingine, akamwinamia sikioni na kunionyesha kwa kidole. Yule mwingine alikuwa mama mzee aliyejifunga shuka ya kijani. Alipoinua uso kunitazama, nikashusha ule mkono niliokuwa nikipunga. Alikuwa mama mkwe wangu. Jina lake sitaliandika, kwa sababu mkwe halitaji. Nitamwita Mama Kerubo.

Akajifunika uso kwa shuka na kunipa mgongo.

Nyinyi wa leo nimewaona. Mnapiga picha na mama wakwe zenu, mkono begani, mnaweka kwenye simu dunia nzima ione. Sisi tulikuwa na ensoni, yaani heshima iliyochanganyika na haya, na hiyo ndiyo inayojenga boma. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali meza moja. Nikikutana naye njiani mimi ndiye ninayeingia kwenye majani mpaka apite. Miaka yote tangu nimwoe binti yake, nilikuwa namjua zaidi kwa mgongo. Na nilimpenda, msikosee. Alinipelekea wimbi kila mavuno kupitia kwa Kerubo, na kila mara aliuliza kama yule mtu wa ndege anakula vizuri. Hayo yote tulifanya bila kutazamana.

Mutua akashuka. Muda mfupi baadaye nikamsikia kwenye redio.

"Fundi, huyu mama anakataa kuvaa mkanda."

"Anaogopa kupanda juu?"

"Haogopi kitu. Huyu mwanawe ananitafsiria. Anasema hawezi kukumbatiwa na mkwe wake."

Meja akaingilia. "Mkwe wake yuko wapi?"

Nikaukaza mkanda wangu ambao haukuhitaji kukazwa. 

"Ni mimi, Meja," nikasema.

Rubani msaidizi akaanza kucheka. Meja Zuhura hakucheka. "Yarabi," akasema polepole. "Ensoni."

"Ensoni ni nini?" akauliza yule kijana.

"Ni kitu kizito kuliko hii helikopta. Nyamaza kwanza."

Maji yalikuwa yamefika kwenye kwato za ng'ombe. Nikaona mgomba mmoja wa pembeni ukilala taratibu, ukachukuliwa. Mutua akasema, "Ninaweza kumvalisha kwa nguvu?"

"Hapana," Meja na mimi tukasema kwa pamoja. Mtu anayepigana ndani ya mkanda ni mtu anayeanguka. Na zaidi ya hapo, alikuwa mama wa watu.

Nikafikiri haraka kuliko ilivyo desturi yangu. Nikasema, "Meja, tumlete Nyambane kwanza. Tumfunge mkanda wa ziada hapa mlangoni. Mimi nitaendesha winchi nimegeuza uso, yeye amkumbatie mama yake amwingize. Mutua, mwambie mama hivyo."

"Kanuni hairuhusu abiria mlangoni."

"Najua."

"Basi fanya upesi."

Mutua akapeleka ujumbe. Mama Kerubo akasikiliza, akafikiria, akakubali kwa kutikisa kichwa mara moja, kama anayekubali bei. Tukampandisha Nyambane. Jueni kwamba huyu ni mwenyekiti wa waendesha bodaboda, mtu anayeshuka mlima wa Keumbu akiwa ameachilia usukani. Nilimkumbatia, nikamwingiza, nikamfunga mkanda, nikampigia kelele sikioni, "Utamshika hapa! Chini ya kwapa! Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia!"

"Tazama mlangoni!"

Akatazama mlangoni. Akaona chini. Nyambane akalala kifudifudi sakafuni, akashika mguu wa kiti kwa mikono yote miwili, akafumba macho na kuanza kuimba wimbo wa kanisani.

"Shemeji! Amka! Mama anakuja!"

Akapandisha ubeti wa pili.

Na Mama Kerubo kweli alikuwa anakuja. Mutua alikuwa ameshamfunga, waya umeshainua, hawawezi kurudishwa kwenye maji. Wakapanda wakizunguka polepole, shuka ya kijani ikipepea. Mimi nimegeuza uso pembeni kwa heshima, natazama kwa kona ya jicho, jambo ambalo kwa mwendesha winchi ni ujinga mtupu. Wakafika mlangoni. Nikanyoosha mkono nishike mkanda wake kwa nyuma, mkanda tu, nimgeuze kwa kitambaa bila kumgusa mwili. Nilikuwa nimeupanga mpango huo vizuri sana.

Upepo ukampiga. Akazunguka akanielekea. Akatazama chini, naye akaona kile alichokuwa ameona Nyambane.

Akanirukia shingoni.

Vijana, nimekumbatiwa maishani. Mke wangu amenikumbatia, mama yangu alinikumbatia nikitoka mafunzoni. Hakuna aliyenishika namna ile. Mikono yake, mikono ya kuchuma chai tangu usichana, ilinizunguka shingo ikafunga kama boliti iliyotiwa waya upande sahihi. Helmeti ikageuka, kioo kikanifunika macho, kipaza sauti kikaingia mdomoni. Kidude cha winchi kikanitoka mkononi kikaning'inia na kamba yake.

"Fundi, hali ikoje?" Meja akauliza.

"Mmmf."

"Rudia."

"Mmmmf!"

Aliyetuokoa ni Mutua. Alikidaka kile kidude, akalegeza waya, akatusukuma ndani sote wawili kama magunia. Tukaanguka juu ya Nyambane, aliyekuwa amefika kiitikio. Hapo ndipo Mama Kerubo akaniachia. Akajikokota mpaka pembeni kabisa, akajifunika shuka kichwa kizima, akabaki hivyo mpaka tulipotua uwanja wa shule. Ng'ombe, kama mnajali, aliogelea mwenyewe na kutokea ng'ambo.

Habari ilinitangulia nyumbani. Jioni Kerubo akapiga simu.

"Baba Bosibori, umemwokoa mama yangu?"

"Ndiyo."

"Asante." Akashusha sauti. "Ni kweli mlikumbatiana?"

"Nani kasema?"

"Nyambane anasema aliona yote."

"Nyambane alikuwa amefumba macho!"

"Kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kuona."

Mwanzoni tulicheka. Lakini baada ya majuma machache Kerubo akaacha kucheka. Mama yake alikuwa ameacha kutoka. Wanawake mtoni walikuwa wakimtania, na wengine hawakuwa wakitania. Haendi sokoni. Sabato ikija anasema mguu unamuuma. Mwanamke aliyekuwa akifika kanisani kabla ya mwenye ufunguo sasa alikuwa anakaa jikoni mlango umerudishwa. "Ninyi mlimtoa kwenye maji," Kerubo akaniambia, "lakini mama yangu bado hajafika nchi kavu."

Ukoo wao ukaniita. Nikaomba ruhusa nikaenda, nimevaa koti la harusi. Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Onchari, baba mdogo wa Kerubo, mzee mwerevu ambaye alitaka jambo liishe vizuri kwa kila mtu. Tulikaa uani. Mama Kerubo alikuwa jikoni kwake, ng'ambo ya ua, mlango wazi kidogo. Nilikaa nimeupa mlango huo mgongo.

Nyambane akaanza kutoa ushahidi. Akaeleza jinsi alivyosimama mlangoni pasipo woga, upepo ukimpiga usoni. Mzee Onchari akamkata.

"Nyambane, uliimba nyimbo ngapi?"

"Mbili, baba mdogo."

"Kaa chini."

Kisha akanigeukia. "Mkwe wetu, tuambie mwenyewe. Siku ile ulimshika mama?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo njia nzima. Ningesema ukweli, kwamba yeye ndiye aliyenirukia, ningekuwa nimejiosha na kumwacha yeye na aibu yote. Mimi ningerudi kambini kwa watu wasiojua ensoni. Yeye angebaki hapo, na wale wanawake wa mtoni.

"Nilimshika," nikasema. "Ni mimi. Mtakachosema nifanye, nitafanya."

Wazee wakanong'ona. Mzee Onchari akakohoa, akatoa hukumu aliyokuja nayo mfukoni. "Sikieni. Mkwe akivaa koti lake, ni mkwe. Lakini akivaa zile nguo za kazi na ile kofia, hana ukoo. Siku ile mama hakushikwa na mkwe. Alishikwa na Serikali. Na Serikali haina ensoni na mtu. Jambo limekwisha."

Wazee wakaitikia, wamefurahi. Mimi mwenyewe nikapumua. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea.

Ndipo mlango wa jikoni ukagonga ukuta.

"Halijakwisha!"

Sikugeuka. Lakini niliiona sauti hiyo kwenye nyuso za wazee. Wote walikaa wima.

"Onchari, Serikali haina shingo," Mama Kerubo akasema. "Mimi nilishika shingo. Huyo mtu anawadanganya. Alikuwa ametazama pembeni kama mtoto aliyefundishwa. Mkono wake ulikuwa kwenye mkanda, haukunigusa. Mimi ndiye niliyemshika. Niliona kifo, nikaona shingo ya mtu wa kwangu, nikaishika. Na maji yakija tena nitaishika tena. Mnaonitania mje mnitanie hapa hapa, nisikie."

 Kuku mmoja alipita katikati yetu akichakura. Kisha Mzee Onchari akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akavua kofia yake. Wazee wote wakafuata, na Nyambane akafuata, na kutoka jikoni nikasikia wanawake wakicheka na mtu mmoja akiwaambia wanyamaze, uji unaungua.

Mzee Onchari akapangusa macho. "Basi," akasema, "katika miaka yangu yote sijawahi kusikia mama mkwe akimkosea mkwe. Sijui hata anatozwa nini."

"Kuku," ikajibu sauti ya jikoni. "Nimeshamchinja."

Nililetewa kuku huyo peke yangu, na obokima, ugali wa wimbi, mkubwa kama kofia ya rubani, mezani kwangu, wao wakila kwao. Nikala wote. Sabato iliyofuata Mama Kerubo alifika kanisani kabla ya mwenye ufunguo, akaketi mbele. Kerubo alinisimulia kwamba mwanamke mmoja alimnong'oneza jambo kuhusu shingo, na mama akamjibu kwa sauti ya kanisa zima kwamba kama yeye ana mkwe wa kumshika, amshukuru Mungu.

Sasa mtaniuliza, kama wajukuu zangu wanavyoniuliza kila wakija likizo. "Sokoro, hiyo story ni noma, lakini si baada ya hapo mlikuwa marafiki? Si mnasalimiana tu kama kawaida?"

Hapana. Bado yupo, mzee sana sasa, na bado ananitumia wimbi. Nikienda kwao na kumwona anakuja njiani na fimbo yake, naingia kwenye majani mpaka apite, naye anajifunika shuka na kutazama ng'ambo. Akishapita hatua chache hukohoa kidogo, na mimi hukohoa. Kwa mkono hatujasalimiana hadi leo. Hakuna haja.